Baridi ya Minnesota haijanishusha kwenye baiskeli

Nianze na hasira zangu. Ukiuliza hapa Minneapolis, Marekani, utaendeshaje baiskeli majira ya baridi, utapata washauri wa aina mbili. Kuna wanaokwambia uifungie stoo mpaka Aprili, na hao wengi wao ni Wakenya wenzangu. Halafu kuna muuzaji wa duka: anakutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, anapiga hesabu, kisha anakupeleka moja kwa moja kwenye baiskeli ya matairi manene kuliko ya pikipiki, ambayo ukiongeza kidogo kwenye bei yake unapata Corolla iliyochoka. Nimewasikiliza wote. Hakuna kati yao aliyeniuliza naendesha kwenda wapi.

Siendi popote, na hapo ndipo penye tofauti. Anayekwenda kazini kwa baiskeli anavumilia dakika kumi na tano, anafika, anavua koti, anapewa kahawa. Mimi naendesha kwa raha zangu. Nataka saa mbili nje Jumamosi asubuhi, nizunguke maziwa, nirudi nyumbani na njaa. Ushauri wa mtu wa dakika kumi na tano haumfai mtu wa saa mbili. Na nisidhaniwe kwamba nina damu ya barafu: mimi ni wa Mombasa, kwetu kipupwe kikiingia na halijoto ikashuka hadi nyuzi 24 tunatoa masweta kabatini. Hapa wastani wa Januari ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na hiyo ndiyo Januari ya kawaida.

Baiskeli yangu ya baridi ni ya milimani, ya chuma, ya miaka ya tisini, niliyouziwa na jirani aliyekuwa anahama. Dola themanini au tisini, sikumbuki, na akanitupia na pampu. Matairi ndiyo yaliyonigharimu kuliko baiskeli yenyewe, mia na hamsini na ushee kwa jozi, na hapo sikubana mkono. Ni matairi ya kawaida kwa upana, ila yamepandwa vimisumari vya kabaidi, madini magumu kuliko chuma, zaidi ya mia mbili kila moja. Ukiyafunga mara ya kwanza, zungusha kilomita arobaini hivi kwenye lami kavu, polepole, bila kukaba breki kwa nguvu, misumari ikae vizuri kwenye mpira. Wengi hawafanyi hivyo, wanaipoteza nusu kabla ya Krismasi kisha wanalaumu kiwanda.

Matairi manene nayo yana mahali pake, sikatai. Baiskeli za namna hiyo Minnesota ni kwao: Pugsley ya kampuni ya Surly, kutoka Bloomington hapa jirani, ilitoka mwaka 2005 na ndiyo iliyozifikisha madukani kwa watu wa kawaida. Kwenye theluji laini ya msituni, kama pale kwenye bustani ya Theodore Wirth, zinaelea vizuri ajabu. Lakini njia ya mjini inakwanguliwa. Kinachobaki ni utando mwembamba wa barafu usioonekana, na unene wa tairi hausaidii kitu juu ya barafu. Kinachosaidia ni msumari. Theluji mpya, ile inayolia chini ya gurudumu, hata haitishi. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, kaa umelegea, usipinde usukani kwa ghafla.

Sasa nguo. Kila mtu atakwambia "vaa sana." Mjomba wangu wa Brooklyn Park alinipa koti lake la manyoya ya bata, zito, refu, la kusimamia kituo cha basi. Kusimama kituoni linafaa kweli. Lakini kwenye baiskeli nilifika ziwani nimelowa mgongo mzima, nikasimama kupiga picha, na jasho likageuka barafu ndani ya fulana. Anayekuumiza huku ni jasho, baridi yenyewe inavumilika. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: ukitoka mlangoni ukajisikia vizuri, umevaa kupita kiasi, rudi uvue kitu. Dakika kumi za kwanza lazima utetemeke kidogo. Fulana ya sufu mwilini, sweta jepesi, jaketi la kuzuia upepo lenye zipu za kwapani, basi. Pamba usiiguse. Mama alinitumia kikoi kizuri cha Lamu nijifunge shingoni na mdomoni. Pumzi ilikilowesha, kikaganda kama ubao na kushikana na ndevu, ikabidi nisimame bafuni na maji ya uvuguvugu kukibandua huku mke wangu akichukua video. Siku hizi boshori la sufu linatosha, na kikoi nakivaa nyumbani.

Miguu ndiyo iliyonisumbua zaidi, na ushauri mbaya kuliko wote ni ule wa soksi tatu. Soksi tatu ndani ya kiatu chako cha kawaida zinabana, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi. Nunua buti kubwa kwa namba moja na nusu, vaa soksi nyembamba, juu yake mfuko wa plastiki wa mkate, juu yake soksi nene ya sufu. Mfuko unazuia jasho lisilowanishe soksi ya nje. Ukivua unanuka, hilo lipo. Pedeli ziwe bapa za kawaida. Vile viatu vyenye chuma chini vinavyonasa kwenye pedeli vinavuta baridi hadi kwenye unyayo. Mikononi nimefunga mifuko mikubwa ya kitambaa kwenye usukani, unaingiza mkono mzima humo na breki zako. Kama dola sabini. Ndani yake navaa glavu nyembamba tu hata nyuzi 15 chini.

Kuhusu njia, nina bahati. Nakaa Seward, karibu na mto Mississippi, na Midtown Greenway inapita hapo. Zamani ilikuwa reli. Karne moja iliyopita waliichimbia handaki la wazi chini ya usawa wa barabara ili treni zisigongane na watu, na leo treni hazipo, ni baiskeli na waendao kwa miguu, kama kilomita 9 kutoka magharibi hadi mtoni. Manispaa huikwangua mapema, mara nyingine kabla ya mitaa yenyewe. Na kwa sababu iko chini, upepo unapita juu ya kichwa chako. Huku upepo wa baridi kali mara nyingi hutoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo mimi huanza kwa kuelekea magharibi, napigana nao nikiwa bado mkavu, kisha unanisukuma nyumbani nikiwa nimeshatoka jasho. Waanzao na upepo mgongoni hujisifu wakienda, wakirudi ndipo machozi yanapogandia kwenye kope.

Nije kwenye kisa cha friwili, kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinachokuwezesha kupumzisha miguu baiskeli ikiwa inakwenda, maana hiki nimekisimulia kwenye kila harusi. Fundi wa duka moja, sitamtaja, aliniambia chumvi ya barabarani italila gurudumu la nyuma, kwa hiyo akaishindilia friwili grisi nzito, nyingi, akaniambia sasa itadumu miaka kumi. Nikamshukuru nikalipa. Asubuhi moja ya nyuzi 23 chini ya sifuri nikatoka, baiskeli ikiwa imelala ndani kwenye joto, kila kitu kikawa shwari. Nilipofika Bde Maka Ska, lile ziwa ambalo zamani likiitwa Calhoun, nikakanyaga pedeli na miguu ikazunguka bure, mnyororo unakwenda, gurudumu limetulia kimya.

Ndani ya friwili mna vikucha vidogo vinavyosukumwa na springi vishike meno ya gurudumu. Ile grisi ilipokuwa sebuleni ilikuwa laini. Nusu saa nje, ikawa gundi, vikucha vikalala chini vikakataa kuinuka. Nyumbani ni kilomita tisa, simu imeshazimika kwa baridi, na jua limetoka lakini ni pambo tu.

Nilikuwa na chupa ya chai. Chai ya maziwa na tangawizi, ya moto, niliyoipika mwenyewe. Nikaitazama chai, nikaitazama friwili, nikanywa vikombe viwili kwanza, kisha nikamimina iliyobaki kwenye gurudumu. Ikafanya kazi! Vikucha vikalia, nikapanda, nikapita mita mia mbili nikiimba. Halafu maji ya chai nayo yakaganda humo ndani na mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo, tena sasa gurudumu linanukia tangawizi. Mzee mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa akasimama akauliza kama ni mimi ninayenuka mkahawa.

Ndipo nikakumbuka vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya, nilivyobeba kwa ajili ya madigadi. Wazo ni kwamba, kama vikucha havishiki, mimi nitashika: nifunge lile duara kubwa la meno la nyuma, linalovutwa na mnyororo, moja kwa moja kwenye spoki, ili mnyororo ukizunguka gurudumu halina budi kuzunguka. Viwili vya kwanza vilikatika nilipovuta tu, plastiki kwenye baridi ile haikunjiki. Vilivyobaki nikaviweka kwapani. Nikasimama pale kando ya ziwa lililoganda nimejikumbatia, nikisubiri plastiki ipate joto, watu wanapita wakinikimbia. Baada ya dakika tano hivi vilikuwa laini. Nikavipitisha kwenye matundu ya lile duara na kuvizungushia spoki, kimoja baada ya kingine, nikivuta kwa meno.

Nilifika nyumbani kwa baiskeli. Ila ukishaifunga hivyo huwezi kupumzisha miguu hata sekunde: gurudumu likizunguka pedeli zinazunguka, na ukithubutu kusimamisha miguu mnyororo unalegea na kuking'oa kile kibadilisha gia. Nilikanyaga mfululizo, mteremkoni nikakanyaga, kwenye taa nilianza kupunguza mwendo mbali kabisa. Baridi sikuisikia. Siku iliyofuata nikaosha grisi yote, nikatia matone ya mafuta mepesi ya mashine, na tangu hapo friwili haijanisaliti. Fundi nilipomweleza alisema grisi ile ilikuwa nzuri.

Watu wetu nao ni kazi nyingine. Mama mmoja wa Kisii aliwahi kusimamisha gari lake Lake Street, akashusha kioo, akaniuliza kwa huruma, "Kijana wangu, walikunyang'anya leseni?" Nikamwambia, "Hapana mama, leseni ninayo, naendesha kwa kupenda." Akanitazama kwa muda. "Ingia ndani nikupeleke kwenu." Tulibishana hadi wa nyuma akapiga honi. Jumapili hiyo habari ilikuwa imefika kwa mjomba kwamba nimeishiwa.

Januari ikikomaa naendesha juu ya maziwa pia. Idara ya maliasili ya jimbo inashauri barafu safi isipungue sentimita 10 ili mtu atembee juu yake. Mimi nataka zaidi ya hapo, na sijipimii. Nawauliza wavuvi. Wapo kila mwaka na vibanda vyao juu ya barafu, wametoboa matundu, wanajua unene kwa kila pembe ya ziwa. Salimia vizuri, watakuonyesha hata samaki. Karibu na daraja au mahali maji yanapoingia ziwani usisogee, barafu ya hapo ni nyembamba.

Sijigambi kwamba naendesha kila siku. Tarehe 30 Januari 2019, halijoto ilipofika nyuzi 33 chini ya sifuri na hata posta ikasitisha kupeleka barua, nilikaa ndani nikakaanga mahamri. Na Desemba jua linatua saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo taa mbili, mbele na nyuma, na betri za akiba nazitia mfuko wa ndani kwenye joto la mwili. Simu nayo humo humo, nimeshajua.

Mwezi mgumu kwa kweli ni Machi. Mchana theluji inayeyuka, usiku inaganda pamoja na alama zote za magurudumu na nyayo, asubuhi unakuta njia imejaa mifereji migumu inayokukamata tairi na kukupeleka inakotaka yenyewe. Chumvi na mchanga vinaruka hadi kinywani. Mnyororo naufuta kila nikirudi, natia mafuta, na mwisho wa msimu nautupa, dola ishirini na kitu, sina huruma nao. Matairi ya misumari navua Aprili katikati, si kabla. Muuzaji wa duka huyahamisha dirishani Machi mosi na kuweka kaptula.