Jezi ya farasi mwenye pembe

Jumanne iliyopita kijana mmoja wa bodaboda alipaki nje ya kibanda changu hapa Majengo, Moshi, akanitupia jezi juu ya cherehani. "Shikamoo mama. Nipunguzie mabega." Kainunua soko la mitumba la Memorial kwa shilingi elfu nne, na muuzaji kamwapia kwamba ni ya raga. Akiivaa, bega linamning'inia karibu na kiwiko.

Mimi nguo ya mtumba siifumui kabla sijaikagua. Hii mabegani ilikuwa na kitambaa mara mbili, mshono umerudiwa mara tatu, mikononi lastiki. Kifuani kichwa cha farasi mwenye pembe moja. Chini ya namba ilishawahi kuchanika, na mtu kaiziba kwa sindano ya mkono, uzi wa rangi nyingine kabisa, mishono midogo midogo ya mtu asiye na haraka. Imeandikwa Schwäbisch Hall Unicorns. Nikashika simu, na gauni la kipaimara la mteja mwingine likangoja mpaka jioni (mama Neema, nisamehe).

Kumbe si raga. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira kama yai: mna nafasi nne za kusogea yadi kumi, mkishindwa mnawaachia wenzenu mpira. Mabega ni mapana kwa sababu ndani huvaliwa mapedi. Timu yenyewe ni ya Ujerumani, na huko mchezo huo uliota mizizi kwenye miji yenye kambi za wanajeshi wa Marekani. Klabu ya kwanza, Frankfurter Löwen, ilianzishwa 1977, na 1979 ikabeba ubingwa wa kwanza kwa kuifunga Ansbach Grizzlies 14–8.

Hawa wa farasi walianza 1983. Mji wao una watu kama 40,000 tu, mji wa zamani uliotajirika kwa kuchemsha chumvi. Moshi mjini peke yake sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya laki mbili! Sasa sikilizeni fainali zao za ubingwa wa Ujerumani. 2011 waliifunga Kiel 48–44. Mwaka uliofuata, Kiel hao hao, 56–53. 2017 wakakutana na Braunschweig, waliokuwa wamechukua kombe miaka minne mfululizo, wakawafunga 14–13. 2018 ikawa zamu ya Frankfurt Universe, 21–19. Nilijumlisha tofauti zote nyuma ya risiti ya vifungo: pointi kumi. Makombe manne kwa pointi kumi, na kwenye mchezo wenyewe ukivuka mstari wa mwisho na mpira mara moja tu unapewa sita. Mume wangu, mchambuzi wa sebuleni, akasema ni bahati. Nikamwuliza, mara nne? Akaongeza sauti ya redio. La tano walilichukua 2022.

Kuna na kijana wao, Moritz Böhringer. Aliuona mchezo huo YouTube, kwenye video ya Adrian Peterson, nyota wa Kimarekani wa mchezo huo, akaupenda. Msimu wa 2015 akaichezea Schwäbisch Hall, na Aprili 2016 Minnesota Vikings, timu ya ligi kuu ya Marekani, wakamchagua, namba 180 kwenye orodha ya wachezaji wapya wa mwaka huo, bila kusoma chuo chochote Marekani. Hakuna mchezaji wa Ulaya aliyewahi kupita njia hiyo kabla yake.

Alhamisi mwenye jezi akarudi. Nikamsimulia yote, pamoja na ile mishono ya mkono, nikamwonyesha kwa kidole. Akaiangalia kwa muda.

"Kwa hiyo hapa ndani panakaa pedi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi usipunguze, mama. Niwekee sponji."

Nikakata kipande cha godoro la zamani, nikamshonea mabega yote mawili. Nimemtoza elfu tano, zaidi ya bei ya jezi yenyewe. Alipotoka na pikipiki kuelekea stendi, abiria nyuma alikuwa anachungulia njia kwa pembeni.