Krediti 41, zikapokelewa 12

Nilimaliza sekondari nikiwa na krediti 41 za chuo, yaani vipimo vya kozi za chuo nilizokamilisha. Chuo kikuu nilichokwenda kikapokea 12. Mpaka leo baba akikumbuka hesabu hiyo hutikisa kichwa.

Tunaishi Minnesota, jimbo la Marekani, ambako tangu 1985 kuna mpango uitwao PSEO: mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 anasoma kozi za chuo, na jimbo linalipa karo na vitabu. Kozi moja inahesabiwa pande mbili, kwenye cheti cha sekondari na kwenye rekodi ya chuo. Kwetu, watoto wanne kutoka Mombasa na mama anayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, hiyo ilikuwa bahati ya mtende. Nikajaza ratiba pomoni.

Kosa langu nililifanya hapo. Nilidhani krediti ni kama noti, ukiwa nayo mfukoni kila duka linaipokea. Vyuo vya umma vya jimboni vingezipokea karibu zote. Lakini nilikuwa naomba pia vyuo binafsi vile vinavyokataa zaidi ya waombaji tisa kati ya kumi, na huko kila kimoja kina sheria yake. Yale, kwa mfano, haihesabu kwenye shahada yake kozi za chuo ulizosoma kabla ya kumaliza sekondari. Vingine vinapokea kwa masharti: uwe ulisoma chuoni kwenyewe pamoja na wanafunzi wa chuo, si darasani kwenu sekondari, uwe na silabasi ya kila kozi, na kozi yenyewe isiwe ndiyo iliyokupatia cheti cha sekondari.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililonikaba. Si mpango mzima umejengwa juu ya kuhesabu pande mbili? Nilikaa na mshauri wa shule, tukachukua orodha ya masomo ya lazima na kalamu nyekundu. Kila kozi iliyoziba pengo la lazima tuliipiga mstari. Zikabaki tatu, za krediti nne nne: kalkulasi ya tatu, aljebra ya mstari na kemia. Hesabu na sayansi za lazima nilikuwa nimeshazimaliza darasa la 11, kwa hiyo hizo tatu zilikuwa ziada. Mshauri akaandika barua ya nusu ukurasa kusema hivyo hivyo, akapiga muhuri. Ile barua ndiyo iliyoniokoa, wala sikuwa nimewahi kusikia kwamba mtu anaweza kuiomba.

Wakati wa kujaza Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza, kwamba kwa krediti zote hizo wataniita mwanafunzi wa kuhamia, nikose ufadhili wa mwaka wa kwanza. Nikaandikia ofisi za udahili, zikajibu kwamba krediti ulizopata kabla ya kumaliza sekondari hazikutoi kwenye kundi la wanaoanza. Hofu ya pili ilikuwa W yangu (alama ya kujitoa kwenye kozi) ya saikolojia, kozi niliyoiacha katikati nilipougua. Binamu yangu alinishauri niifiche. Sikuthubutu, maana transkripti rasmi inatoka chuoni moja kwa moja na W imo. Niliieleza kwa sentensi mbili, nikaendelea na mengine.

Kisha silabasi. Nilipozihitaji, akaunti yangu ya chuo ilikuwa imeshafungwa, na kila kitu kilikuwa mle ndani. Za hesabu nilitumiwa na walimu. Mwalimu wa kemia alikuwa ameondoka, karani akanitumia silabasi ya mwaka uliotangulia, ikarudishwa: mwaka haulingani. Nilikuja kuiona ya kwangu jikoni, karatasi nne zilizobanwa kwa pini, mama alikuwa akiwekea sufuria ya chai. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na duara la kahawia lililokatiza jina la mwalimu, ila mwaka na orodha ya majaribio ya maabara vilisomeka. Nikaipiga skani na doa lake. Ikapita.

Baba alibishana nami wiki nzima. "Unatupa krediti 29, mwanangu? Hapa jimboni ungemaliza kwa miaka miwili na nusu." Alikuwa na hoja. Nikamfungulia kikokotoo cha gharama, ambacho sheria ya Marekani inataka kila chuo kinachotumia fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wake kiweke kwenye tovuti yake, nikaingiza kipato chetu. Miaka minne kwenye kile chuo binafsi, baada ya ufadhili, ilikuwa nafuu kuliko miwili na nusu ya jimboni. Akavua miwani, akazirudia tarakimu mara mbili, kisha akauliza chakula kiko wapi.

Kwa fizikia niliyoisoma nikiwa sekondari, chuo hakikunipa krediti, lakini nilifanya mtihani wa idara wakaniruhusu kuruka kozi ya mwanzo. Semina ya uandishi niliikalia kama kila mtu.

"Sasa zile 29 zimekwenda wapi?" mama aliniuliza. Nilimwambia zimekufa. Mwaka huu naomba vyuo vya udaktari, na fomu inataka transkripti ya kila chuo ulichowahi kusoma, hata ukiwa sekondari. Zimerudi zote, pamoja na ile W.