Mzee wa miaka 19, mbwa wa Piura na herufi moja iliyonitesa

Kabla sijaondoka Salt Lake City kwenda kuhubiri Peru kama mmisionari wa kanisa letu nilipewa ushauri na kila mwenye mdomo. Kaka mmoja aliyewahi kutumikia Argentina aliniambia nisihangaike na sarufi, ikifika mwezi wa tatu Roho atanifungua ulimi. Mwingine akataka nikariri maneno hamsini ya kamusi kila asubuhi. Dada mmoja alinibebesha dawa za tumbo za kutosha kijiji kizima. Hakuna hata mmoja aliyetaja mbwa. Na mimi miaka yangu miwili ya Peru ukiikamua, kinachotoka ni mbwa na herufi r.

Nirudi nyuma kidogo. Nimezaliwa upande wa Fizi, mashariki mwa Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na tulipohamishiwa Marekani nilikuwa na miaka 13. Mama ndiye aliyeanza kusali na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa ambao watu wanawaita Wamormoni. Viongozi wetu walituomba tangu 2018 tuliache hilo jina la mkato, lakini nikiandika jina zima kila mara tutakesha. Kwetu kijana wa kiume anaweza kwenda misheni kuanzia miaka 18 na anakaa miezi 24, msichana wakati huo ilikuwa kuanzia miaka 19 (tangu mwishoni mwa 2025 naye ni 18) na anakaa miezi 18. Huchagui unakokwenda. Wito wangu ulisema Peru, misheni ya Piura, lugha Kihispania. Mama akauliza Peru iko upande gani wa Arizona.

Kilichomchekesha zaidi ni cheo. Mmisionari wa kiume anaitwa "Elder" popote alipo, na kanisani kwa Kiswahili tunasema Mzee. Mzee! Nina miaka 19, ndevu tatu, na mbili kati ya hizo nilikuwa nazibembeleza. Mama alikuwa akinipigia simu anaanza, "Shikamoo Mzee," halafu anacheka mpaka simu inamdondoka.

Wiki sita za chuo cha wamisionari Mexico City nazipita. Tulikula, tukasoma, tukavaa tai.

Piura iko kaskazini kabisa mwa Peru, jirani na Ekuado, na ni joto kavu la jangwani. Nilivyoshuka nikaona bajaji zimejaa barabarani (wao wanaita mototaxi), maembe, ndimu, ndizi mbichi, muhogo. Siku ya kwanza mama aliyekuwa anatupikia chakula cha mchana alituletea ndizi mbichi zilizokaangwa, zikapondwa na nyama kavu, seco de chabelo. Nikajisemea, hawa watu walinidanganya, hapa ni kwetu. Maji ya bomba yalitoka saa chache tu, mengine ni ndoo na kata. Kufua ni kwa mkono. Wenzangu wa Marekani walipokuwa wanalia na kola za mashati meupe, mimi nilikuwa nimemaliza, nimeanika, nimekaa kivulini nawatazama. Mwenza wangu mmoja kutoka Idaho alifua shati jeupe pamoja na soksi nyekundu, akahubiri wiki nzima akiwa wa waridi. Sijisifu, ila nilimfundisha kufikicha kola kwa kiganja bila kuipasua, na mpaka leo ananiandikia kunishukuru kwa hilo kuliko mambo ya kiroho.

Ratiba haina siri. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi macho wazi, mazoezi, maandiko, halafu nje mpaka saa tatu usiku, na saa nne na nusu taa zinazimwa. Wawili wawili muda wote, hata ukienda dukani kununua sabuni mwenza yuko nyuma yako. Kila baada ya wiki sita unaweza kuhamishwa mji au kubadilishiwa mwenza. Jumatatu ni siku ya kufua, soko na kupiga simu nyumbani. Zamani simu ilikuwa Krismasi na Siku ya Akina Mama tu, ila tangu 2019 ni kila wiki. Mama yangu, kama akina mama wengi wa Kongo, ananiita Papa. "Papa, umekula?" Mwenza wangu wa kwanza, kijana wa Cusco, alisikiliza Jumatatu tatu mfululizo, mwisho akashindwa kuvumilia: kwa nini mama yako anakuita kiazi? Kwa Kihispania papa ni kiazi mviringo.

Turudi kwenye r.

Kihispania kwa Mswahili kinatakiwa kuwa mteremko. Irabu zao ni zetu, a e i o u, unasoma kama kilivyoandikwa. Ile ñ iliyowatesa Wamarekani ni ny tu, ya nyumba na nyanya. Meza ni mesa, bendera ni bandera, maana Wareno walipita kwetu wakatuachia maneno kabla hawajaondolewa. Wiki ya kwanza nilikuwa nasoma Kitabu cha Mormoni cha Kihispania kwa sauti na watu wananisifu, japo sikuelewa nusu ya ninachosoma. Shida ni kwamba mdomoni mwangu r na l ni mapacha. Nyumbani tunasema "kalibu" na hakuna anayekufa. Kumbe Kihispania kina pelo, nywele. Kina pero, lakini. Na kina perro, mbwa, ambayo hiyo r yake lazima itetemeke ulimini. Kwangu zote tatu zilitoka pelo.

Sasa, mbwa wa Piura hawafungwi. Wanalala katikati ya njia kama wameilipia, na wengine wako juu ya mapaa wakikubwekea kutoka huko. Hodi yao ni kugonga geti la chuma kwa sarafu, na ukigonga tu mtaa mzima wa mbwa unajua. Wiki yangu ya pili tuligonga geti moja, akafungua mama mtu mzima, kichwani kajaa roleri. Nyuma yake kuna dubwana la kahawia linanguruma. Mwenza wa Cusco alikuwa amekazana kwamba siku hiyo mimi ndiye nianze kuongea. Nikakusanya nguvu zote, nikamuuliza kwa heshima, mama, mbwa wako anang'ata? Nilichotamka ni: "¿Su pelo muerde?"

Mama, nywele zako zinang'ata?

Akanyamaza. Akapandisha mkono taratibu, akagusa roleri moja, halafu nyingine, kama anazikagua. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kwenye kipara changu. Akasema, "Leo bado hazijang'ata mtu, kijana." Kisha akacheka, akamwita binti yake aje asikie, binti akamwita jirani, nikarudia mara nne kwa maombi ya umma. Tulikaribishwa, tukapewa chicha morada, ile juisi ya mahindi ya zambarau isiyo na kilevi, na lile dubwana likaja likalala juu ya kiatu changu.

Nikaona hapa pana biashara. Kwa zaidi ya mwezi mzima, kila geti lenye mbwa, niliuliza kama nywele zinang'ata. Milango ilifunguka kuliko siku zote. Mwenza alikuwa na wasiwasi kama huu si udanganyifu kwa mtumishi wa Bwana. Nikamjibu kwamba hata nikitaka kusema perro siwezi, kwa hiyo sijadanganya mtu. Mtaani nikawa Elder Pelo, mtu asiye na unywele hata mmoja.

Wakati huohuo walimu wa kujitolea hawakuisha. Shika penseli kwa meno. Sukutua maji koo likiwa juu. Rudia guitarra, barril, ferrocarril mpaka ulale. Nilijaribu yote, nikapata kikohozi. Aliyenisaidia ni dereva wa bajaji wa kwenye kona yetu, aliyekuwa amechoka kunisikia. Aliwasha injini akaiacha ingurume, akasema, iga hiyo. Nikakumbuka Nyarugusu, tukisukuma ringi za baiskeli kwa kijiti huku tukitoa mlio wa pikipiki, trrrrr, mpaka mate yanaruka. Nilikuwa nayo tangu nina miaka sita! Nikapiga trrrr palepale barabarani, nikaunganisha: pe-rrrro. Dereva akanipeleka bure siku hiyo, safari ambayo wakati ule kawaida ilikuwa soli mbili tatu, pesa ya Peru, na ukionekana mgeni tano.

Ubaya ni kwamba nilipoanza kutamka vizuri, watu wakaanza kunijibu kama wanavyowajibu wamisionari wengine wote: ahorita, sasa hivi, ambayo ukiitafsiri kwa ukweli ni kama "niko njiani" ya mtu ambaye bado anaoga. Au, "Jumapili nitakuwepo kanisani, ndugu zangu, bila kukosa." Chukua hiyo kama salamu.

Mbwa wenyewe dawa yao ni ya kambini: inama kana kwamba unaokota jiwe. Huhitaji jiwe. Yule wa Idaho aliamini mbwa anaongeleshwa kwa upole, akarudi nyumbani na suruali yenye mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Catacaos, mji wa kofia na wafua fedha, nilijiaibisha tena. Niliona bendera nyeupe nje ya nyumba moja nikadhani kuna msiba, nikamvuta mwenza tukawafariji wafiwa. Ndani wanaume kama kumi wameshika vibuyu. Bendera nyeupe huko ni tangazo kwamba leo kuna chicha, na hii si ya zambarau, hii ni pombe hasa. Sisi kwa Neno la Hekima, sheria yetu ya afya, hatunywi pombe, chai wala kahawa. Walitukaribisha kwa mapenzi makubwa. Tulitoka kinyumenyume.

Na ugali. Mwezi wa nane niliamka nautamani mpaka mikono inauma. Nikaona dukani boksi limeandikwa maicena, nikasema hii ni mahindi, nikamwaga yote kwenye maji yanayochemka. Nilipata gundi. Kijiko kilisimama chenyewe katikati ya sufuria na hakikutoka mpaka kesho yake, kwa kuwa ile ni wanga mtupu wa mahindi, si unga. Mara ya pili nilinunua mahindi ya njano ya kulishia kuku, nikayapeleka mashine ya kusaga pale sokoni, mwenye mashine akaniuliza nina kuku wangapi. Nikamwambia wawili, mmoja wa Idaho. Ugali ukatoka wa njano, ule wazee wa Tanzania wanaouita yanga, nikaula na samaki na kitunguu, na sikuongea na mtu mpaka nimemaliza.

Machi 2023 zilikuja mvua za kimbunga Yaku, mitaa ikawa mito, halafu homa ya dengi ikashika Piura vibaya sana mwaka huo. Hapo mahubiri yalipungua. Tulibeba matope kwa koleo, tukamwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo na matairi ya watu. Nami iliniangusha siku sita. Wanaokuambia ni kama malaria ndogo, waulize kama wameumwa.

Nawe ukiitwa huko, ushauri wangu ni huu: viatu beba jozi mbili nzuri, acha dawa za tumbo.

Wiki yangu ya mwisho nilibahatika kurudishwa karibu na mtaa ule, nikaenda kumuaga mama wa roleri. Hakuwahi kubatizwa, hata kanisani alikuja mara moja tu, siku ya chakula. Nikamuuliza kwa r yangu iliyonyooka kama mbwa hajambo. Akakunja uso, akasema sikusikii vizuri. Nikaelewa. Nikauliza upya, nywele hazijambo? Akaniletea mfuko wa chifles, zile krispi za ndizi, akasema nimpelekee mama yangu, nimwambie nywele za Piura zinamsalimia.