Msimu wa maua ndio msimu wa tope

Jumamosi ya juzi tuligeuzia njiani. Tulikuwa sita, wageni wanne toka Dar, mimi, na kaka mmoja anayeongoza watu kupanda Ngozi, huu mlima wetu wa Mbeya wenye ziwa juu, ambaye tunafahamiana tangu nasoma jiografia chuo, enzi zile namsumbua na madodoso yangu. Tulitoka Mchangani saa mbili asubuhi, ukungu mzito, mvua ilikuwa imepiga usiku wa tatu mfululizo, tukatembea msituni kama nusu saa hivi afu kaka akasimama. Akainama, akachota udongo pale pembeni ya njia akaufinya, maji yakachuruzika katikati ya vidole kama mtu anakamua nguo. Akaangalia juu. Kuna mti mmoja shina limelala kidogo, na kwenye mizizi upande wa mlimani ardhi imepasuka, ufa unaingiza kiganja. Akaniambia, "Dada, huu wiki iliyopita ulikuwa umesimama. Leo hatupandi."

Wageni walikasirika na siwalaumu, watu wamesafiri usiku kucha kwenye basi, wameomba ruhusa kazini, wamelipia chumba, wanataka kuliona ziwa. Wakadai hela yao. Kaka akawarudishia, sio yote maana nauli ya gari ilishatumika, ila ile ya kwake ya kuongoza akairudisha yote, tukashuka kimya kimya mpaka barabarani. Sasa kilichoniuma ni cha jioni. Kundi jingine lilipanda siku ileile na muongozaji mwingine, likafika juu, likarudi salama, na wageni wetu wakaziona zile picha kwenye simu wakiwa gesti, ukungu umefunguka, ziwa la kijani chini kule, wakaona kabisa kwamba tumewanyima. Kaka akalala bila hela na jina limechafuka, wakati yeye ndiye aliyefanya kazi yake vizuri kuliko wote.

Nimekaa na hili jambo wiki nzima ndo maana naandika, maana watu wengi wakisikia utalii endelevu wanafikiria kupanda miti na kutotupa chupa za maji njiani, ni sawa, ila kwa huku kwetu nyanda za juu mi naona swali la kwanza ni hili: muongozaji akisema leo hatupandi, kesho atakula nini?

Ngoja nieleze kwanza hii milima ilivyo kwa wale ambao hamjafika. Rungwe, Ngozi na Kiejo ni volkano, na sio kwamba zimekufa, zimelala. Wataalamu waliosoma tabaka za majivu wanasema Rungwe ililipuka vibaya sana kama miaka 4,000 iliyopita, Ngozi imelipuka ndani ya miaka 1,000 hii, na Kiejo ilitoa lava karibu mwaka 1800, yaani ni juzi tu, wazee wa upande ule bado wanasimulia habari ya moto waliyoambiwa na babu zao. Ukipita barabara ya kwenda Tukuyu, pale walipokata kilima kupitisha njia, utaona ukanda wa vijiwe vyepesi kama lile jiwe la kusugulia miguu, yale yalianguka toka angani. Udongo wa hayo majivu ndo unatupa chai, ndizi, viazi na haya maparachichi ambayo kila mtu anayapanda sasa hivi. Ni mwepesi, unanyonya maji kama sifongo. Na hapo ndo penye shida, maana unanyonya unanyonya, na kwenye mteremko mkali ukishajaa unateleza wote kwa pamoja juu ya mwamba ulioko chini.

Na Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ardhi nayo haijatulia, tuko pale ambapo mikono ya Bonde la Ufa inakutana: Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga upande wa Rukwa, moja ya makubwa kabisa Afrika kwa karne ile, na Desemba 2009 Karonga, ng'ambo tu ya Kyela, ilitikisika wiki kadhaa.

Mwaka ule wa El Niño ndo ulitufungua macho. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang, ambao nao ni volkano, uliporomosha tope na mawe juu ya Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Huku tulikuwa tunaangalia kwenye taarifa ya habari tunasema poleni jamani, tukiona ni mambo ya Manyara. Aprili 2024 tope likashuka toka Mlima Kawetere hapahapa Mbeya mjini, kata ya Itezi, likafukia nyumba na shule ya msingi. Nilienda siku chache baadaye. Kilichonishika sio ukubwa wa lile tope, ni nyumba moja ambayo ukuta wa mbele ulikuwa umesimama mzima, pazia bado lipo dirishani, afu nyuma yake hakuna nyumba, ni tope mpaka usawa wa bati. Mama mmoja jirani alikuwa anachota tope na beseni la kufulia, beseni moja moja, anamwaga barabarani. Nikampa pole, nikavua viatu nikashika beseni jingine, tukachota mpaka jua linazama na ukitazama ulikuwa huoni kama tumepunguza kitu.

Sasa turudi kwenye utalii. Mvua zetu ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, na kwa bahati maua ya Kitulo yanachanua kipindi hichohicho. Kitulo ni Bustani ya Mungu, watu hawajaiita hivyo bure, kuna aina 45 za okidi pale, na ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ilikuwa ya kwanza Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ukienda Julai hukuti maua, unakuta nyasi nyeupe asubuhi kwa barafu na baridi ya kukata masikio. Kwahiyo mtu anayetaka kuona Kitulo yenyewe anakuja Januari, Februari, Machi, anapandia Isyonje wakati barabara ya udongo imegeuka uji, ukungu hauoni mita kumi mbele, na gari za viazi zinashuka. Huwezi kumwambia asubiri kiangazi. Maporomoko ya maji nayo ni hivyohivyo, yananoga mto ukijaa, na mto Kiwira ukijaa pale Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba wa asili, na Kijungu sio wa kuchezea kabisa, yale mawe yanateleza na maji yanaingia chini ya mwamba, mtu akidondoka ndo basi. Uzuri na hatari huku vinakuja na mvua moja, ndo maana ule ushauri wa vitabuni kwamba tembelea kipindi salama cha mwaka hautusaidii sana.

(Na ikikosekana hiyo mvua nako ni kilio. Mito inayotoka kwenye milima hii ndo inaingia bonde la Usangu, inatoka kinamasi cha Ihefu inakuwa Ruaha Mkuu, inapita hifadhini mpaka Mtera. Tangu 1993 ule mto unakauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Hiyo nitaiandikia siku yake maana ina mpunga, ina ng'ombe, ina mambo mengi.)

Utafiti umefanyika huku, tena mwingi, wa ndani na wa nje. Watu wamepima gesi, wamechukua udongo wa chini ya maziwa, wamechora ramani za setilaiti zinazoonyesha mteremko gani unaweza kushuka. Nauheshimu sana, mimi ni zao la huo utafiti. Ila nina dukuduku na leo nalisema. Miaka michache nyuma nilifanya kazi na timu moja, siitaji, nilikuwa mkusanya takwimu, nikazunguka vijiji na dodoso la kurasa kumi na moja. Babu mmoja alinipokea vizuri, nikampa shikamoo, akanikalisha kwenye kigoda, akajibu maswali yote kwa saa mbili, akanipeleka mpaka mgongoni mwa shamba lake kunionyesha mahali ambapo baba yake aliwakataza kujenga kwasababu chemchemi ya pale huwa inabadilika rangi kabla udongo haujashuka, maji meupe yanakuwa kama chai ya maziwa. Nikaandika yote. Mwishoni akaniuliza, "Mjukuu, mkishajua mtarudi kutuambia?" Nikamjibu ndio. Hatukurudi. Ripoti iliandikwa, kwa Kiingereza, ikaenda ilikoenda, nimeiuliza mara tatu kwa barua pepe na sijawahi kuiona. Babu ameshafariki. Kile kiwanja alichonionyesha kimeshauzwa, kuna mtu anamwaga msingi, na sidhani kama aliyenunua alishawahi kuambiwa habari ya ile chemchemi.

Nimeenda kumwambia huyo aliyenunua. Alinisikiliza kwa heshima, akasema fundi ameshalipwa. Nitarudi tena.

Ndo maana safari hii nimeanza na wale wanaokaa mlimani kila siku, yaani waongozaji. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa angalizo na tahadhari, zinafika kwenye magrupu ya WhatsApp vizuri tu, lakini zinasema mkoa wa Mbeya, na mkoa wa Mbeya una Usangu ambako mvua ni ya kuhesabu na una Tukuyu ambako inanyesha mpaka mtu unasahau rangi ya jua. Angalizo la mkoa haliwezi kukwambia njia ya Ngozi imejaa maji kiasi gani leo. Anayejua ni yule anayeipita mara nne kwa wiki, shida ni kwamba anayajua kichwani na mkononi tu, mgeni akibisha hana cha kumuonyesha.

Kwahiyo tumetengeneza vipima mvua vya chupa. Ni rahisi, unachukua chupa kubwa ya maji iliyonyooka pembeni, unaikata pale inapoanza kubana, kile kipande cha juu unakigeuza kinakuwa faneli, chini unaweka kokoto ili upepo usiiangushe, unamwaga maji mpaka yafunike kokoto na pale ndo sifuri yako, afu unabandika rula ya milimita kwa nje. Unaiweka mahali peupe mbali na miti na paa. Unasoma kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma vituo vya hali ya hewa, unaandika kwenye daftari, unamwaga ile mvua, unaanza upya. Tumeweka vitatu, kimoja kwa kaka Mchangani, kimoja Isyonje kwa mama mwenye mgahawa, kimoja kule juu zaidi kwa kijana anayekamua ng'ombe wa maziwa ambaye ndiye mwaminifu kuliko wote, hajakosa hata siku moja. Pembeni ya namba wanaandika na walichokiona: chemchemi imechafuka, mti umelala, njia imebomoka kona ya pili. Baada ya misimu miwili mitatu tutaanza kuona mvua ya siku ngapi inaleta nini kwenye njia ipi, na hapo hata mtafiti akija na setilaiti yake atakuwa na kitu cha kulinganishia.

La pili ni hela, na hili ni gumu. Nimeongea na waongozaji kama tisa hivi, wazo ni kwamba kila mgeni anayelipa, kiasi kidogo kinaingia kwenye mfuko wa pamoja, na siku njia ikifungwa kwa mvua muongozaji aliyepangiwa siku ile anapewa posho yake kutoka humo. Afu iwe ni makubaliano ya wote, ikifungwa imefungwa, asiwepo wa kupitisha watu pembeni. Na mgeni aambiwe tangu anapopiga simu, kabla hajapanda basi, kwamba Februari unakuja kuona maua na kuna uwezekano tusipande, lakini tutakuwa na cha kukuonyesha: shamba la chai, Kimondo kule Mbozi, jiko la bibi anayepika ndizi na maharage, hadithi za Ziwa Masoko. Wawili wamekataa, wanasema mfuko utaliwa. Wana haki ya kuogopa, mifuko mingi imeliwa huku kwetu. Tumekubaliana daftari la mfuko likae kwa mama wa mgahawa, na lisomwe kwa sauti kila Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu.

Wale wageni wanne mmoja wao alinipigia Alhamisi. Sio kuomba msamaha, aliuliza tu ule mti vipi. Nikampigia kaka, naye akaenda kuangalia. Umelala kabisa, umefunga njia, na ule ufa umeshuka na kipande cha njia kama hatua nane hivi. Hakuna aliyekuwepo. Kaka akanitumia picha ya mti, na ya daftari: mistari yake mitano ya wiki ile, mwandiko mkubwa wa kalamu ya bluu, na ule wa Jumamosi ameupigia mstari mara mbili chini, ameandika "hatukupanda".