Nimerudi, na Chemchemi Imekonda

Nimerudi nyumbani baada ya miaka 9. Mizigo mingine hata sijaifungua, lakini kuna jambo limenikaa moyoni tangu siku ya pili niliposhuka bondeni.

Chemchemi tuliyochota maji utotoni imekonda. Zamani ulitumbukiza ndoo ukaitoa imejaa. Sasa unakinga kikombe, unasubiri, unamimina kwenye ndoo, unakinga tena. Mjomba, aliyenishika mkono kunipeleka pale mara ya kwanza, alisimama nyuma yangu kimya. Kisha akaniuliza: "Mjomba," maana naye huniita hivyo hivyo, "huko ulikokwenda si ulisomea maji? Hebu tuambie. Tupande miti mlima mzima? Na huu mti mkubwa hapa kando, tuukate? Watu wanasema ndio unaoyanywa."

Nilichokwenda kusomea ni namna maji, mimea na udongo vinavyotegemeana. Wenyewe wanaiita ekohaidrolojia. Niliondoka hapa nikiamini kama wote tulivyofundishwa, kwamba miti huleta maji. Mwaka wa kwanza tu wa masomo imani hiyo ilitikiswa. Kuna bonde la utafiti huko Marekani, Hubbard Brook, ambako mwishoni mwa mwaka 1965 watafiti walikata miti yote ya kibonde kimoja na kuizuia isichipue kwa miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza kijito chake kilitoa maji zaidi kwa karibu asilimia 40. Mwaka 1982 watafiti Bosch na Hewlett wakakusanya matokeo ya majaribio ya aina hiyo kutoka mabonde 94. Kwa misonobari na mikaratusi, kila asilimia 10 ya eneo inayofunikwa na miti hiyo hupunguza maji ya mtoni kwa wastani wa milimita 40 kwa mwaka. Milimita 40 ni lita 40 kwa kila mita moja ya mraba. Piga hesabu ya mlima.

Mti hauna uchoyo wowote hapo. Jani hufungua vitundu vyake lipate hewa ya kujitengenezea chakula, na kila vinapofunguka mvuke hutoroka. Upungufu huo huvuta maji kutoka kwenye tawi, tawi kutoka kwenye shina, shina kutoka mizizini. Ni kama uzi mmoja wa maji usiokatika, kutoka ardhini hadi kwenye jani la juu kabisa. Wanasayansi Dixon na Joly walilieleza jambo hili mwaka 1894, na mpaka leo nikiegemea shina la mti mchana wa jua kali huwa nawaza uzi ule unavyopanda kimyakimya mgongoni mwangu.

Basi ningemjibu Mjomba kwamba tukate? Hapana. Kijito kile cha Hubbard Brook kilipoongezeka maji kilibeba pia rutuba ya bonde: naitreti, chumvi ya rutuba iliyomo udongoni, ilipanda hadi kupita kiwango kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa. Tena, mti kusimama kando ya maji si ushahidi kwamba unayanywa maji hayo. Watafiti Dawson na Ehleringer walilichunguza hilo huko Utah, Marekani, wakachapisha mwaka 1991. Haidrojeni, moja ya vitu viwili vinavyounda maji, ina aina nyepesi na aina nzito, na uwiano wake hutofautiana kati ya maji ya kijito, ya mvua na ya ardhini, kwa hiyo ukipima maji yaliyo ndani ya tawi unajua yametoka wapi. Miti mikubwa iliyosimama ukingoni kabisa haikuwa ikinywa maji ya kijito. Ilikuwa ikinywa ya chini zaidi. Nilimwambia Mjomba kwamba huu wa kwetu sijaupima, na kabla haujapimwa tusiuhukumu kwa mahali uliposimama.

Tukapanda juu mlimani. Nilikuwa na kopo kubwa la bati nililolikata juu na chini likabaki bomba fupi. Nililigongomea kwanza chini ya mti mwingine mkongwe, kwenye majani makavu, nikamwaga maji. Yalizama nikiwa bado namimina. Mjomba akainama, akafukua kwa vidole: vijishimo vya nyungunyungu, mirija iliyoachwa na mizizi iliyooza, udongo mweusi unaomeguka kama mkate. Hatua chache pembeni, kwenye mteremko ulio wazi, nikafanya vilevile. Maji yakakaa. Tuliyatazama mpaka miguu ikafa ganzi. Matone ya mvua yakipiga udongo mtupu huvunja mabonge, vumbi lake huziba matundu, na jua likiwaka juu yake panakuwa na gamba. Mvua inayoanguka hapo haina pa kuingilia, inateremka na udongo wetu kwenda zake.

Hapo ndipo ninapotaka tuelekeze macho. Chemchemi hulishwa na maji yaliyozama huko juu na kupita chini ya mizizi. Udongo ukipitisha maji, hata mlima uliolimwa unaweza kulisha mto: karibu na Mbeya mabonde mawili yalipimwa kwa miaka mingi, moja la msitu na jingine la mashamba kwenye mteremko mkali, na lile la mashamba lilitoa maji mengi zaidi hata wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo wake wa majivu ya volkano hupenyeza sana. Udongo wetu hauna bahati hiyo. Lakini utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa mwaka 2016 na Ilstedt na wenzake ulinipa moyo. Waligundua kwamba katika nchi kavu maji mengi zaidi hufika chini pale penye miti ya wastani. Pasipo na miti udongo hujifunga, na penye miti mingi mno maji hunywewa yote njiani. Miti iliyoachana, kila mmoja ukifungua udongo unaouzunguka. Hiyo ndiyo picha niliyomchorea Mjomba mchangani, nikamsihi wasipande mikaratusi mlima mzima.

Wiki ileile tulifunika kipande kimoja cha mteremko kwa majani makavu na kukizungushia miiba mifugo isipite. Mvua ya kwanza iliponyesha tulikimbilia juu, tumelowa chapachapa. Kutoka sehemu iliyo wazi maji ya rangi ya chai yalikuwa yanakata vijifereji. Chini ya kile kipande chetu yalitoka kidogo tu, masafi. Mjomba aliweka kiganja pale akakiacha muda mrefu.

Chemchemi bado haijabadilika, wala sikutarajia. Maji ya ardhini hayana haraka, huenda yakachukua miaka. Nimesimika rula ya mbao pale yanapojikusanya. Kila asubuhi Mjomba ananisomea namba kwa sauti, nami naandika.