Tabora hadi Kigoma: Reli Moja, Nyumba Mbili

Mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini Tabora. Mji uko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na adhuhuri ya siku hizo kivuli chako unakikanyaga. Niliichagua wiki hiyo makusudi, maana nyumba inayostahimili joto la Oktoba, miezi mingine kwake ni mteremko.

Nilianzia Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe, nyumba ya asili ya udongo yenye paa la bapa, walimokaa wavumbuzi Livingstone na Stanley mwaka 1872. Wageni huangalia milango, mimi nilifuata ukuta. Saa nane mchana bodaboda wote walikuwa wamejibanza chini ya mwembe, lakini ndani ya tembe hewa ilikuwa bado ya asubuhi. Udongo wenye unene wa sentimita 30 huchukua saa 8 hadi 10 kupitisha joto. Jua linalopiga ukuta wa magharibi saa kumi jioni huanza kuhisika ndani usiku wa manane na kuendelea, wakati nje kumeshapoa na madirisha yako wazi. Ukuta wa bloku za inchi 6 unachukua kama saa 4 tu, hivyo joto linawakuta watu ndiyo wanapanda kitandani.

Ila ukuta mnene peke yake hauna maana kama madirisha yanaachwa wazi mchana kutwa. Kwa Tabora, funga kila kitu kuanzia saa tatu asubuhi, fungua jua likizama, acha usiku uupoze ukuta. Watu wengi hufanya kinyume, halafu wanalaumu udongo.

Paa la tembe la asili ni boriti, fito, nyasi, kisha udongo juu. Linapoza vizuri, lakini mvua za masika huliozesha na mchwa hulimaliza, ndiyo maana bati likashinda. Sina ugomvi na bati. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyolipiga.

Ipuli, hapo hapo Tabora, nilipita kwenye nyumba inayomaliziwa: bati la rangi ya maruni, dari ya jipsamu, na juu ya kuta viraka vipya vya saruji.

"Mzee, hapa si palikuwa na matundu ya hewa?" nikamuuliza fundi.

"Yalikuwepo, mwanangu. Mwenye nyumba kaamuru yazibwe, popo wanaingia."

Popo Tabora ni kero kweli, lakini dawa yake ni wavu wa chuma wa matundu ya robo inchi. Hewa kati ya bati na dari lazima iwe na pa kuingilia chini, kwenye upenu, na pa kutokea juu, kwenye mgongo wa paa au kwenye pembe za ukuta wa kenchi, ule wa pembetatu mwishoni mwa paa. Ukiziba, bati linalofika nyuzi joto 60 linaioka dari, na dari inawaangazia waliolala chini yake joto kama jiko. Rangi nayo ina kazi. Bati jeupe lililopakwa rangi hulishinda hata bati jipya linalong'aa: chuma kitupu hurudisha mwanga, lakini joto kidogo kinalomeza hakilitoi kwa urahisi. Maruni inapendeza kwenye picha tu.

Upenu nao una hesabu. Juni, jua la adhuhuri linaegemea kaskazini kwa nyuzi 28 na nusu. Desemba, kusini kwa 18 na nusu. Ikiwa kutoka chini ya dirisha hadi usawa wa upenu ni mita 1.5, unahitaji upenu wa sentimita 80 upande wa kaskazini na 50 upande wa kusini. Ule wa Ipuli ulikuwa sentimita 30 pande zote nne.

Treni ilinipitisha Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Ni reli ya Wajerumani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kati ya miji hiyo inashuka zaidi ya mita 400. Ukiteremka stesheni ya Kigoma unaihisi tofauti shingoni: hewa ina unyevu, na usiku haupoi kama wa Tabora. Ukuta wa Kwihara ukiuleta hapa unabaki na joto lake hadi asubuhi. Kigoma mwili unapozwa na upepo unaogusa ngozi.

Na upepo una mtego wake. Ziwa liko magharibi. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka na kushuka kutoka vilimani. Basi dirisha linalodaka upepo wa alasiri ndilo hilo hilo linalopigwa na jua la jioni. Tena kwa saa zetu jua la Kigoma huwa katikati ya anga kama saa saba mchana, kwa hiyo saa kumi na moja jioni bado lina nyuzi 30 juu ya upeo. Kwa pembe hiyo, kulikinga dirisha la urefu wa mita 1.2 kunataka varanda ya mita 2.1. Upenu wa kawaida hausaidii kitu.

Kwa hiyo: varanda pana magharibi, ukuta wa tofali za matundu au mbao za luva (vibao vilivyoinama vyenye nafasi kati yao) pale ambapo varanda haitoshi, na madirisha mashariki yanayotazamana na ya magharibi ili upepo uwe na pa kutokea. Chumba chenye dirisha upande mmoja, hata likiwa kubwa, upepo unagonga tu na kurudi. Epuka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, maana yanafunguka nusu. Ya bawaba au luva yanafunguka yote.

Nyumba niliyofikia kule Ujiji ilikuwa na haya yote, na bado chumba kilikuwa kizito. Nikapitisha kidole kwenye wavu wa mbu: vumbi limeganda na moshi wa jikoni hadi matundu hayaonekani. Wavu hata ukiwa safi unaweza kula nusu ya upepo. Dada wa nyumba aliutoa, akausugua kwa brashi na maji ya sabuni, akaurudisha. Jioni pazia lilianza kucheza.