Baraza Lisilo na Mhuri

Nilipostaafu ualimu mwaka 2017, baada ya miaka 35 ya chaki na ubao, nilikuwa nimejipangia kufuga kuku na kulala mchana. Miezi michache baadaye Mtendaji wa Kata aliniita ofisini kwake, hapa wilayani Kongwa, akanieleza kwamba kata inaunda baraza la wazee na kwamba wajumbe waliokwisha kuchaguliwa vijijini wamependekeza niwe katibu. Hakuniuliza kama nina busara. Aliniuliza kama macho yangu bado yanaona mistari ya daftari, nami nikamjibu kwamba yanaona, kwa msaada wa miwani. Nikakabidhiwa kaunta buku mpya na kalamu mbili za bluu, na hivyo ndivyo vitendea kazi pekee ambavyo baraza letu limewahi kupewa.

Naandika haya kwa sababu watu wengi, wakiwamo wanangu mwenyewe, hawajui baraza hili ni nini. Wapo wanaotuchanganya na baraza la kata wakatuletea migogoro ya mipaka ya mashamba, na wapo wanaodhani sisi ni wazee wa mila wenye kazi ya kuombea mvua. Mabaraza ya wazee yaliundwa katika kuitekeleza Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, sera inayomtambua mzee kuwa ni mtu aliyefikisha umri wa miaka 60, na yamepangwa kuanzia kijiji au mtaa, kupitia kata, halmashauri na mkoa, hadi taifa. Kazi yake ni kuishauri serikali juu ya mambo ya wazee. Hatuamui, hatutozi faini, hatugawi fedha. Tunashauri tu, na anayeshauriwa ana hiari ya kusikia au kutosikia.

Neno hilo la kushauri limenisumbua kwa muda mrefu, kwa sababu nchi yetu ina desturi nyingine inayofanana nalo kwa mbali. Tangu utotoni nimesikia viongozi wakuu wakilihutubia taifa kwa kupitia "wazee wa Dar es Salaam". Mwalimu Nyerere alizungumza nao mwaka 1978 alipotangaza kwamba tutampiga Idi Amin, na mwaka 1985, alipokuwa anang'atuka, aliwaita tena akawaaga. Ni desturi nzuri na yenye heshima. Hata hivyo, mzee katika hotuba zile ni msikilizaji: ameketi mstari wa mbele na kofia yake, anaitikia, anapiga makofi, kisha anarudi nyumbani. Naamini baadhi ya maofisa wetu wanapoliona baraza la wazee huona wazee wa namna hiyo, watu wa kuitwa katika sherehe ya tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wakavalishwa fulana na kupewa soda. Mwaka wa kwanza tuliitwa mara tatu, na mara zote tatu palikuwa na maturubai.

Kilichotugeuza tukawa baraza la kweli ni suala la umri. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na ili apate haki hiyo, hapa kwetu mzee hutambuliwa kwanza kijijini kisha akapewa kitambulisho cha matibabu. Sasa, ni nani kati ya watu waliozaliwa katika mbuga hizi kabla ya Uhuru ana cheti cha kuzaliwa? Wengi wana kadi ya mpigakura ambayo mwaka wa kuzaliwa ulijazwa na karani kijana aliyemtazama mtu usoni akakisia. Mwaka 2019 alikuja mbele yetu mzee mmoja ambaye kadi yake ilisema amezaliwa 1966. Kwa hesabu ya kadi alikuwa na miaka 53, nazo meno alikuwa amebakiwa na manne.

Kikao kilikuwa chini ya mkuyu, nje ya ofisi ya kijiji, na makamu mwenyekiti wetu, bibi aliyenizidi umri kwa miaka mingi, ndiye aliyeuliza maswali. Mzee yule alisema kwa kujiamini kwamba yeye ni mtoto wa Karanga. Kwa msomaji asiye wa Kongwa nieleze kwamba Karanga hapa ni kalenda: ni ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga kwa matrekta, ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya ardhi ngumu na ukame kuwashinda. Tunazo kalenda nyingine pia, kama Uhuru wa 1961, kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika iliyofunguliwa 1964, na Operesheni Dodoma ya 1971, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akajifunga upya kanga yake, akauliza, "Uhuru ulipokuja, ulikuwa unachunga nini?"

"Ndama," akajibu mzee bila kufikiri.

Wajumbe wote waliangua kicheko, naye akainamisha kichwa, kwa maana alitambua alichokisema. Kwa wafugaji, mtoto wa miaka mitano au sita hupewa ndama wa kuzungukazunguka nao karibu na boma. Akikua kidogo hupewa mbuzi, na ng'ombe hukabidhiwa mvulana mkubwa. Mtoto wa Karanga angekuwa anachunga ng'ombe, au walau mbuzi, siku bendera ilipopandishwa. Niliandika katika muhtasari kwamba baraza limeridhika kuwa mwombaji alizaliwa mwaka 1955 au karibu na hapo, ana miaka 64, na anastahili. Alikuwa amejiongezea miaka mitano asiyoihitaji kwa hofu kwamba serikali ingemnyang'anya ile aliyokuwa nayo.

Tangu siku hiyo Mtendaji alianza kutuletea majina kabla hajayapeleka mbele. Sikumbuki kama kuna mwongozo wowote uliotuagiza tuhesabu umri kwa ndama, lakini kazi hiyo hakuna ofisa mwingine katika kata ambaye angeweza kuifanya.

Neno gumu zaidi katika sera, kwa wanaoitekeleza, ni "asiye na uwezo". Mzee anaishi katika boma lenye ng'ombe kumi na wawili, na mpita njia atasema huyu ni tajiri. Sisi tunajua kwamba ng'ombe wale ni wa mwanawe, na kwamba mwana huyo yuko mjini Dodoma akiendesha bodaboda, na hajaruhusu hata mmoja auzwe kwa ajili ya matibabu ya baba. Je, mzee huyu ana uwezo? Tulibishana saa mbili. Mwenyekiti alisema mali ya mwana ni mali ya baba, ndiyo mila. Wanawake wakamjibu kwamba mila hiyo hailipi dawa za presha. Tulimpitisha, na mpaka leo mwenyekiti hunikumbusha kwamba yeye hakukubali, nami humkumbusha kwamba nimeliandika hilo pia.

Lazima nikiri jambo moja linalonihusu mwenyewe. Mimi nina pensheni. Ni ndogo, lakini huingia kila mwezi, na katika wajumbe kumi na wawili tuko watatu tu wa namna hii, sote wastaafu wa serikali. Wengine walilima mtama na alizeti au walichunga maisha yao yote, na hakuna aliyewahi kukatwa mchango kwa ajili ya uzee wao. Hata hivyo, ukisoma mihtasari ya mwaka wa kwanza, niliyoiandika kwa mkono wangu, utadhani baraza lilikuwa na wasemaji watatu. Sisi tulizoea vikao. Tunajua kusema "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuchangia hoja", na tulitumia muda mrefu kuzungumzia mafao yetu ya kustaafu. Wajane waliokuwa wameketi juu ya mkeka pembeni, ambao baadhi yao wanalea wajukuu wanne au watano walioachwa na wazazi waliofariki au waliokwenda mjini kutafuta, walikuwa wanatusikiliza kwa adabu kama walivyofundishwa. Tulipobadilisha utaratibu, kila mjumbe akaanza kuzungumza kwa zamu, kwa Kiswahili au Kigogo, kabla ya ajenda kufunguliwa. Mafao yakashuka hadi nafasi ya mwisho, na maji na dawa vikapanda hadi ya kwanza.

Hapo ndipo hufika pia mazungumzo ya pensheni ya wote. Wajumbe wanajua kwamba Zanzibar tangu mwaka 2016 kila aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kupandishwa hadi 50,000, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Wanajua pia kwamba mwaka 2020 Zanzibar ilitunga sheria ya mambo ya wazee. Sisi wa Bara tumeomba sheria yetu kwa miaka mingi, kwa maana sera ni ahadi, na mtu aliyeahidiwa hana pa kushtaki. Sensa ya 2022 ilituhesabu, Bara na Zanzibar pamoja, wazee zaidi ya milioni 3 katika watu 61,741,120. Mimi si mwanauchumi na siwezi kusema fedha za kuwalipa wote zitatoka wapi, lakini nimekaa na bibi mmoja akakokotoa kwa vidole vyake kwamba 50,000 ingemnunulia debe la mahindi, sabuni na daftari za wajukuu, na salio likabaki. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Niliirudia usiku kwa kalamu.

Sasa nifike kwenye dirisha. Katika kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa "DIRISHA LA WAZEE". Wazee walifurahi, wakaanza kwenda. Dirisha halikufunguliwa wiki ya kwanza, wala ya pili. Tulimtuma mjumbe mmoja akachungulie kwa upande wa ndani, akarudi na taarifa kwamba nyuma ya dirisha mna makopo ya rangi yaliyobaki jengo lilipopakwa, na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Wagonjwa wazee walikuwa wanasubiri nje wakiwa wamekalia matofali, na waliofanikiwa kumwona daktari walikuwa wanaandikiwa dawa za presha na kisukari wakanunue duka la dawa. Kwa mtu anayepaswa kutibiwa bure, hiyo ni sawa na kupewa sahani bila chakula.

Tuliandika barua. Haikujibiwa, na nilipokwenda kuulizia niliambiwa kwa upole kwamba barua yenyewe haina mhuri, kwa hiyo haikuweza kusajiliwa kwenye faili. Baraza la wazee halina mhuri. Mwenyekiti alisaini, mimi nikasaini, wajumbe wasiojua kusoma wakaweka dole gumba, ila kwa macho ya masjala ile ilikuwa karatasi ya watu binafsi. Barua ya pili tuliipitisha kwa Mtendaji, akaigonga mhuri wake; ilikaa kwake wiki sita kwa sababu alikuwa safarini, kisha kwenye mafunzo, kisha mgonjwa. Ya tatu nilibeba mwenyewe hadi makao makuu ya wilaya, nakala moja nikampa ofisa ustawi wa jamii, na nyingine mwenyekiti wa baraza la wazee la wilaya. Nilidai wanigongee "IMEPOKELEWA" kwenye nakala yangu. Kijana wa mapokezi aliniuliza, "Shikamoo mama, hii nakala ya kwako ina umuhimu gani?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia kwamba nimesahihisha madaftari miaka 35 na kwamba sijawahi kumpa maksi mwanafunzi aliyesema kazi yake imepotea.

Hiyo nakala ndiyo imekuwa mhuri wetu. Barua ya nne ilianza kwa maneno, "Rejea barua yetu mliyoipokea tarehe ile", na namba ya barua na tarehe vikafuata. Sijui ni kipi kilichowagusa, lakini ndani ya mwezi mmoja makopo ya rangi yaliondolewa, dirisha likafunguliwa, na muuguzi akapangiwa kukaa hapo Jumatatu na Alhamisi. Likaja na benchi, la mbao ya mninga, refu la kukaa watu sita. Mwenyekiti wetu alikwenda kulikalia akiwa hana hata mafua.

Wajumbe wawili walitaka barua ya shukrani iende na suala lifungwe. Sisi wengine tulikataa, na tulikuwa na sababu: katika ziara yetu ya mwisho dirishani tuliwauliza wazee tisa waliotoka kutibiwa, na saba kati yao walikuwa wameshika karatasi za kwenda kununua dawa. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na tunasubiri kuona itakavyowafikia watu hawa. Lakini presha ya mtu haisubiri pamoja nasi. Niliandika katika muhtasari, kifungu cha 4: "Benchi limepokelewa. Dawa bado." Makamu mwenyekiti aliomba nimsomee mara mbili, akaridhika.

Kikao kijacho ni Jumanne, saa nne asubuhi, baada ya wenye alizeti kurudi kutoka sokoni Kibaigwa. Kaunta buku imejaa hadi jalada la nyuma, hivyo nimenunua nyingine kwa fedha yangu. Barua ya tano ipo tayari, kurasa mbili, na chini kulia nimeacha nafasi nyeupe ya kutosha mhuri wa Mtendaji.